Zege la Kuchapwa na Majengo ya Mkunjo: Mambasa Ichukue Lipi?

Video za nyumba inayojengwa na mtambo zimefika kwenye simu za kila mahali, na jimbo la Ituri, mashariki mwa Kongo, nalo halikusazwa. Mdomo wa bomba unazunguka juu ya msingi, unatema zege laini tabaka juu ya tabaka, na ukuta wa mviringo unapanda bila fundi kushika mwiko. Maandishi ya chini husema kazi imekwisha ndani ya siku moja. Kwa jimbo ambalo shule nyingi zimeharibiwa na vita, na ambalo limekuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, habari ya namna hiyo lazima izue maswali. Kwa nini mtambo huo usiletwe Bunia, makao makuu ya jimbo, kisha wilaya ya Mambasa? Na wapo wanaojibu papo hapo kwamba ni njama ya kuwanyang'anya waashi mkate wao.

Pande zote mbili zinachanganya mambo mawili yasiyo ndugu. La kwanza ni mtambo, yaani namna ya kumwaga zege. La pili ni umbo la mkunjo: ukuta wa duara, tao, kuba. Mtambo unaweza kujenga ukuta ulionyooka kama rula, na tao linaweza kujengwa na watu wenye nyundo na kamba tu. Mtu akishayatenganisha hayo mawili, swali la Mambasa linakuwa jepesi kidogo kulipima, na jibu lake halifanani na lile linalotolewa na video.

Mtambo unafanya nini hasa

Wazo si jipya. Katika miaka ya 1990 Profesa Behrokh Khoshnevis wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, alianza kufanyia kazi mtambo wa kutandaza zege kwa tabaka ukiongozwa na kompyuta. Kilichochukua muda mrefu ni zege lenyewe. Linatakiwa liwe laini kiasi cha kupita kwenye pampu na bomba, lakini likishatoka lisimame palepale bila kutambaa, na lishike haraka kiasi cha kubeba tabaka linalofuata, ila lisishike haraka mno hata tabaka hizo mbili zikakosa kuungana. Ni kama dawa ya meno inayotakiwa kubeba nyumba.

Mtambo unaotumika sana leo, ule wa kampuni ya COBOD ya Denmark, ni fremu kubwa ya vyuma inayosimamishwa juu ya msingi. Kichwa chenye mdomo wa kutolea zege hutembea kwenye reli zake kushoto na kulia, mbele na nyuma, kisha hupanda. Kila tabaka huwa na kimo cha sentimita chache. Aghalabu ukuta huchapwa kwa mistari miwili, wa nje na wa ndani, na katikati hupita mstari wa tatu wa kwenda upande, ukizishika hizo kuta mbili na kuacha uwazi. Mafundi wachache husimama pembeni: mmoja anaangalia kompyuta, mwingine anahangaika na pampu, wengine wanalaza vyuma kati ya tabaka na kufuta zege lililofurika. Jua likiwa kali humwagia maji au kufunika, maana ukuta usio na kalibu hupoteza unyevu pande zote na hupasuka upesi.

Sasa tuitazame ile "siku moja". Mwaka 2021, katika wilaya ya Salima nchini Malawi, kampuni ya 14Trees ilijenga shule ambayo kuta zake zilichapwa kwa saa 18. Saa hizo ni za mdomo wa bomba kutembea. Hazina ndani yake kuchimba msingi, kusafirisha mtambo na kuusimamisha, kupaua, kuweka milango na madirisha, wala kungoja zege likomae. Kuta ni sehemu tu ya gharama ya jengo. Paa, msingi, sakafu na umaliziaji hubaki kwa mafundi wale wale wa siku zote. Anayeahidi shule nzima kwa saa 18 anahesabu kipande na kukiita kitu kizima.

Mikunjo miwili isiyofanana

Hapa ndipo wengi hupotea, hata waandishi wa habari.

Mkunjo wa kwanza ni ule unaoonekana ukitazama ramani ya nyumba kutoka juu: ukuta umezunguka, lakini umesimama wima. Kwa mtambo hii si kazi ya ziada. Mdomo wa bomba haujali kama njia yake imenyooka au imepinda. Mwaka 2017 kampuni iliyozaa COBOD ilijenga jijini Copenhagen ofisi ndogo yenye kuta zilizopinda karibu kila mahali, makusudi ili kuonyesha jambo hilo. Kwa fundi wa tofali, kinyume chake, kila mpindo ni tofali la kukata, kamba ya kuzungusha na siku ya ziada. Na mpindo huo si urembo mtupu. Ukuta uliopinda husimama wenyewe bila nguzo za kuuegemeza, ilhali ukuta mwembamba ulionyooka huyumba.

Mkunjo wa pili ni wa wima: tao, kuba, paa linalojibeba. Hapa mtambo huanza kuhangaika. Kila tabaka likisogea ndani kidogo kuliko lililo chini yake, zege ambalo bado halijashika linataka kuanguka. Ndiyo maana nyumba nyingi zilizochapwa duniani zina kuta za zege na paa la mabati, la mbao au la zege la kawaida. Wapo waliovuka mpaka huo. Huko Massa Lombarda, Italia, mwaka 2021 kampuni ya WASP na ofisi ya msanifu Mario Cucinella walikamilisha Tecla, makuba mawili yaliyochapwa kwa udongo wa palepale, tabaka 350, kwa takriban saa 200. Mwaka huohuo, mjini Venice, watafiti wa ETH Zurich na wasanifu wa ofisi ya Zaha Hadid walisimamisha daraja la miguu lililoitwa Striatus, la mita 16 kwa 12, lililoundwa kwa vipande 53 vya zege lililochapwa. Ndani ya vipande hivyo hamkuwa na nondo, na kati yake hamkuwa na saruji ya kuviunganisha. Vilibanana kwa uzito wake vyenyewe, na miguu ya daraja ikafungwa kwa vyuma chini ili isitanuke.

Siri ya Striatus ni ya kale kuliko kompyuta. Zege, jiwe na tofali huvumilia sana kubanwa na huvumilia kidogo sana kuvutwa. Boriti iliyolala hubanwa juu na kuvutwa chini, ndipo nondo inapohitajika. Tao lililochorwa vizuri hubanwa kila mahali, kwa hiyo nondo hupungua au huondoka kabisa, na unene wake unaweza kuwa mdogo mno. Lakini tao hudai kitu kingine badala yake: miguu yake husukuma nje, na lazima kuwe na mwamba, ukuta mzito au chuma cha kuizuia. Tao si la bure. Linahamisha deni kutoka kwenye chuma kwenda kwenye msingi.

Hoja za wanaoutaka mtambo

Hoja yao kubwa ni upungufu. Kwa Malawi, UNICEF ilikadiria upungufu wa madarasa 36,000, ambayo kwa mwendo wa kawaida yangechukua miaka 70 kujengwa. 14Trees ilidai ingeweza kuyamaliza kwa miaka 10. Kongo nayo ina hesabu zake chungu. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2019, watoto wamejaa madarasani kuliko majengo yanavyoweza kuwapokea. Mradi wa serikali wa maendeleo ya wilaya 145, unaojulikana kama PDL-145T, ulikuja na ahadi ya shule, vituo vya afya na majengo ya utawala hadi vijijini, na Mambasa ni miongoni mwa hizo 145. Majengo ya aina moja yanayorudiwa mara nyingi ndiyo chakula cha mtambo: mchoro ni ule ule, programu ni ile ile.

Hoja ya pili ni kuni. Tofali la kuchoma, linalopendwa Bunia na vijiji vyake, hula miti. Jina lenyewe la 14Trees lilitokana na hesabu ya miti 14 inayookolewa kwa kila nyumba isiyotumia tofali la kuchoma. Hata hivyo, hesabu hiyo ilifanywa kwanza kwa tofali la udongo na saruji lililoshindiliwa bila moto, kabla kampuni haijaanza kuchapa nyumba. Watetezi wa mtambo huliruka jambo hilo. Kuokoa miti hakuhitaji roboti.

Mfano wao ulio karibu zaidi nasi ni Kilifi, pwani ya Kenya. Mtaa wa Mvule Gardens ulipangwa kuwa na nyumba 52, na 10 za mwanzo zilichapwa kwa wiki 10, kwa mtambo mmoja wa COBOD. Hilo si onyesho la maabara, ni mtaa. Madagaska nako, mjini Fianarantsoa, shirika la Thinking Huts lilifungua mwaka 2022 jengo la shule lenye kuta zilizochapwa, lenye umbo linaloweza kuongezewa vyumba vingine kandokando kama sega la nyuki.

Na Oman imeondoa pingamizi moja lililokuwa zito. Miaka ya mwanzo, zege la kuchapwa lilikuwa unga maalumu wa mifuko, uliochanganywa kiwandani Ulaya na kuuzwa ghali. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Kijerumani cha Teknolojia nchini humo, pamoja na COBOD na kampuni ya saruji ya Cemex, walichapa nyumba ya mita za mraba 190 kwa saruji, mchanga na kokoto za humohumo nchini, wakiongeza kiasi kidogo tu cha kemikali za kulidhibiti zege. Kwa hiyo asiambiwe mtu tena kwamba lazima zege lote liagizwe ng'ambo.

Hoja za wanaoukataa

Lakini Oman ina viwanda vya saruji na lami hadi mlangoni. Kilifi nayo iko kando ya barabara kuu ya kwenda Mombasa, bandari iko karibu, kiwanda cha Bamburi kiko njiani na kingine kiko Vipingo, ndani ya kaunti yenyewe. Mambasa iko zaidi ya kilomita 150 kutoka Bunia kwa barabara, na viwanda vikubwa vya saruji vya Kongo viko upande wa pili wa nchi, Kongo ya Kati, karibu na bahari. Saruji inayouzwa Ituri hutoka hasa Uganda. Mfuko unaotoka Kasese huvuka mpaka, hulipiwa ushuru na vizuizi vya njiani, hupita barabara ambayo mvua huigeuza matope na ambayo waasi wa ADF wameshambulia misafara yake mara kwa mara, ndipo ufike sokoni Mambasa ukiwa na bei ya safari yote hiyo.

Hili ndilo jiwe zito kuliko yote kwenye mizani. Zege la kuchapwa halipendi kokoto kubwa, kwa kuwa huziba bomba, na kokoto zikipungua saruji huongezeka. Mita moja ya ujazo ya zege hili mara nyingi hubeba saruji nyingi kuliko ya zege la kawaida. Watetezi hujibu kwamba ukuta wenye uwazi ndani hutumia zege kidogo. Ni kweli ukiulinganisha na ukuta mzima wa zege. Mambasa hakuna anayejenga ukuta mzima wa zege. Huko ukuta wa kuchapwa hulinganishwa na udongo uliokandikwa kwenye fito, na ubao, au na tofali la kuchoma lililounganishwa kwa udongo, ambavyo vyote hula saruji kidogo au havili kabisa.

Hoja nyingine ya watetezi, ya kuokoa kalibu, nayo inageuka kichwa chini. Ulaya, mkunjo wa zege ni ghali kwa sababu kalibu yake huundwa na mafundi seremala wanaolipwa kwa saa, kisha mbao zake hutupwa. Mtambo unaondoa kalibu, na hapo ndipo faida yake ilipo. Historia ya mapaa membamba ya zege inathibitisha hilo. Huko Mexico, Félix Candela alijenga mwaka 1958 mgahawa wa Los Manantiales, Xochimilco, wenye paa lililopinda pande zote, unene wake ni sentimita chache tu. Alikuwa na mbao na mafundi wa bei nafuu. Mishahara ilipopanda miaka iliyofuata, mapaa hayo yakakosa wateja. Mtambo wa leo unataka kumrudisha Candela mahali ambapo mishahara ni mikubwa. Mambasa ina mbao, tena ndiko zinakotoka nyingi zinazouzwa hadi nje ya nchi, na ina vijana wasio na kazi. Ugonjwa unaotibiwa na mtambo si ugonjwa wake.

Kuna umeme, kuna vipuri. Pampu ikiziba katikati ya tabaka na kipuri kipo Copenhagen, zege lililo ndani ya bomba halingoji ndege. Kuna usalama: fremu ya vyuma iliyosimamishwa wiki kadhaa kwenye kiwanja kisicho na ulinzi ni mwaliko. Na kuna ajira, ingawa hapa wapinzani huzidisha chumvi. Mtambo hauondoi mafundi wote. Huondoa waashi wa ukuta na kubakiza wa msingi, paa na lipu. Hasara halisi iko kwenye mkondo wa fedha. Jengo la tofali huacha fedha kwa wachoma tofali, wabeba maji na waashi wa kijiji. Jengo la kuchapwa huzipeleka kwa mwenye mtambo na muuza saruji.

Tao bila mtambo

Kuna kundi la tatu lisilosikika sana kwa kuwa halina video ya kusisimua. Hili linasema: chukueni mkunjo, uacheni mtambo.

Pwani ya Afrika Mashariki ilifanya hivyo zamani. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ulioanza karne ya 11 na kupanuliwa sana karne ya 14, ulifunikwa kwa makuba na mapaa ya tao ya mawe ya matumbawe na chokaa. Karibu zaidi na sisi ni uwanja wa kriketi wa Gahanga, Kigali, uliofunguliwa Oktoba 2017. Mapaa yake matatu ni matao membamba ya vigae vya udongo wa Rwanda vilivyochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa hapohapo bila kuchomwa. Tao kubwa lina upana wa mita 16. Mafundi walipanga vigae tabaka kwa tabaka wakifuata mchoro uliosimamishwa kwa fito nyepesi, na kati ya tabaka wakalaza wavu wa plastiki ngumu kwa ajili ya tetemeko. Miguu ya matao inakanyaga ardhi moja kwa moja, kwa hiyo msukumo wake wa nje unamezwa na ardhi yenyewe. Aliyesimamia hesabu zake ni Michael Ramage wa Chuo Kikuu cha Cambridge, lakini mikono ilikuwa ya Wanyarwanda, wengi wao wakijifunza kazi kazini.

Kilicho muhimu kwa Mambasa kuliko uwanja wa michezo ni daraja. Wilaya ya Kasese, ng'ambo tu ya mpaka, ilijenga madaraja ya tao la mawe kwa msaada wa shirika la maendeleo la Ubelgiji. Tanzania imeyaendeleza Kigoma na mikoa mingine kupitia wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017. Kazi yenyewe haina fumbo. Seremala huunda kalibu ya nusu duara, waashi hupanga mawe juu yake kutoka pande zote mbili kwa mchanganyiko wa saruji na mchanga, jiwe la kati likishakaa na saruji kukomaa kalibu hutolewa na kupelekwa kijito kinachofuata. Hakuna nondo. Gharama yake imeonekana kuwa ndogo mno ikilinganishwa na daraja la zege la kawaida, na fedha nyingi hubaki kwa wavunja mawe na waashi wa palepale.

Na msitu wa Ituri una mkunjo wake ambao wahandisi hawautaji. Kibanda cha Wambuti, watu wa msitu huo, ni kuba. Wanawake huchomeka fito changa ardhini kwa duara, huzikunja zikutane juu, husuka nyingine kuzipitia hadi uwe wavu mgumu. Kisha huja majani makubwa ya mongongo. Kila jani huchanwa kidogo kwenye kikonyo na kuangikwa kama ndoana, wakianzia chini kwenda juu, ili kila safu ifunike shingo ya safu iliyo chini yake. Mvua huteleza juu ya majani mpaka ardhini. Kibanda hicho hakikusudiwi kudumu miaka, kwa hiyo si kielelezo cha shule. Ila kinafundisha jambo moja ambalo wachapaji wa makuba hulipita haraka: katika msitu huu, mkunjo bila ngozi ya kumwaga maji haufai kitu.

Mvua, tetemeko na kitanda

Eneo hili hupata mvua zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, nayo haina msimu mrefu wa kupumzika. Paa la mabati lenye upenu hutupa maji mbali na ukuta. Kuba halina upenu. Maji hutiririka juu ya ukuta wenyewe. Kama ni la udongo kama Tecla, litalika. Kama ni la zege lililochapwa, kila mstari kati ya tabaka ni njia ya maji ikiwa tabaka hazikushikana. Hata matao ya Kigali yalihitaji ngozi ya kuzuia maji juu yake, na Kigali haina mvua ya Mambasa. Kwa nyumba ya kuishi Mambasa, naona mabati yanashinda kuba bila ubishi.

Tetemeko ni suala zito zaidi. Ituri iko kando ya Bonde la Ufa la Albertine. Machi 20, 1966, tetemeko la Toro lilipiga pande zote mbili za mto Semliki, Uganda na Kongo upande wa Beni, likaua watu zaidi ya 100. Tao lisilo na nondo hustahimili uzito wa juu vizuri kabisa, lakini ardhi ikitikisika kwa upande, mgandamizo unaolishikilia hupungua na viungo hufunguka. Ukuta uliochapwa nao una udhaifu wake, kwani mshikamano kati ya tabaka ni mdogo kuliko ndani ya tabaka, na nondo za wima ni vigumu kuzipitisha mdomo wa bomba ukiwa kazini. Suluhisho lipo: kujaza zege na nondo kwenye uwazi wa ukuta baada ya kuchapa. Nyumba zilizochapwa na kampuni ya Icon huko Nacajuca, Mexico, kuanzia 2019, ziliripotiwa kusimama salama tetemeko la mwaka 2020 lilipopita, ingawa kitovu chake kilikuwa mamia ya kilomita mbali. Lakini nondo na zege la kujaza vikishaongezwa, akiba iliyokuwa imetangazwa inayeyuka.

Halafu kuna kitanda. Wasanifu husifu chumba cha duara. Mwenye nyumba huuliza kabati litakaa wapi. Kitanda, meza na mabati vimenyooka. Familia ikikua huongeza chumba kwa kugonga ukuta ulionyooka na kuunganisha mwingine. Ukuta wa duara hauongezwi kirahisi. Kwa shule hoja hii ni dhaifu, kwa zahanati ni dhaifu zaidi, kwa nyumba ya familia ina nguvu.

Kupima kila jengo

Mtu akiuliza "mtambo ni mzuri au mbaya" hatapata jibu. Aulize kwa kila jengo.

Nyumba za kuishi: mtambo hauna nafasi Mambasa kwa sasa. Saruji ni ghali mno, na mshindani wake, udongo chini ya bati, ni wa bei ambayo hakuna roboti itakayoifikia. Kinachoweza kuboresha nyumba hizo ni msingi wa mawe unaoinua udongo juu ya maji, upenu mrefu, na tofali la kushindilia lisilohitaji kuni.

Shule na vituo vya afya: hapa watetezi wana hoja, lakini mahali pake ni Bunia na pembezoni mwake, si Mambasa. Ingehitaji masharti matatu kwa pamoja. Majengo yawe mengi na ya mchoro mmoja ili gharama ya kuleta mtambo igawanyike. Zege litokane na mchanga na kokoto za Ituri, kama Oman walivyofanya. Na vijana wa jimbo wafunzwe kuuendesha na kuutengeneza, si kumwagia maji tu. Sharti moja likikosekana, waashi wa tofali wa Bunia watamaliza kazi kwa fedha ndogo, na tofauti ya wiki chache haitamuumiza mtu. Watoto hawajakosa darasa kwa sababu ukuta ulichelewa wiki tatu. Wamekosa kwa sababu vita vimefunga barabara, fedha zimekwama, au mkandarasi ameondoka kabla ya kupaua.

Kuna wanaopendekeza njia ya katikati: vipande vichapwe Bunia mjini, vije kuunganishwa Mambasa kama vile vya Striatus. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini kipande cha zege ni mzigo mzito usiopenda kugongwa, na barabara ya kutoka Bunia hadi Mambasa hugonga kila kitu. Heri kubeba saruji kavu na kutafuta jiwe hukohuko.

Yabaki madaraja na makalvati, na hapa naegemea kundi la tatu bila kusita. Mito na vijito vinakata kila njia ya shamba la kakao, na magogo yaliyolazwa juu yake huoza. Daraja la tao la mawe linataka jiwe, mbao za kalibu, saruji kiasi na mikono mingi. Vitu vitatu kati ya hivyo vinne vipo wilayani. Msukumo wa miguu yake humezwa na kingo za mto, mvua hailisumbui kama inavyolisumbua kuba la nyumba, na hakuna atakayelalamika kwamba kitanda hakiingii. Udhaifu wake ni mabonde mapana, ambako bado chuma kitahitajika, na tetemeko, linalodai mpangilio mzuri wa mawe na fundi aliyefunzwa kweli. Mafunzo hayo hayako Denmark. Yako Kasese, safari ya siku chache kutoka Mambasa barabara ikiwa salama, na wilaya ikituma waashi kumi huko kabla ya kufungua mkataba wowote wa mtambo, itakuwa imeanza na sehemu ya gharama ndogo kuliko zote. Hata mtambo wenyewe, siku ukikubaliwa, utakuja kwa lori, na lori hilo litahitaji madaraja.